Simu ya kuvaa mkononi: umbo lilianguka, kifungo kikabaki

Kisa hiki ni cha Kenya, cha fundi wa simu aliyetaka kulinda kisheria uvumbuzi wake: simu inayovaliwa mkononi kama bangili. Majina ya wahusika, mji wa fundi na tarehe za shauri nimeviondoa, na baadhi ya maelezo ya kifaa nimeyabadilisha ili mwenyewe asitambulike. Mpangilio wa matukio sikuugusa, maana katika mashauri ya upya, yaani yanayouliza kama kitu ni kipya kweli, kila kitu huamuliwa na kipi kilitangulia kipi. Mimi nilikuwa wakili wa fundi. Nalisema hilo mapema kwa sababu makosa mawili kati ya nitakayoyaeleza ni yangu.

Usuli

Fundi ametengeneza simu zaidi ya miaka kumi na mitano katika kibanda chake pwani. Wateja wengi walimletea habari ileile: simu imenyakuliwa. Dereva wa bodaboda ameitoa mfukoni aangalie ramani, wa pikipiki nyingine akapita nayo. Muuza samaki ameiweka mezani apokee malipo ya M-Pesa huku mikono imejaa magamba, kageuka kidogo, haipo. Na mwizi wa simu siku hizi hafuati simu peke yake, anafuata laini na pesa zilizomo. Ndipo fundi akaanza kufikiria simu isiyoshikwa wala kuwekwa mezani, simu inayovaliwa.

Alichounda ni bangili pana ya pingili sita. Juu kuna kioo kilichopinda kufuata mkono. Betri hakuiweka moja nene chini ya kioo. Alizigawa ndogo ndogo, kila pingili na yake, ili bangili isilemee upande mmoja. Waya mwembamba umezunguka pingili zote na kupita kwenye kifungo kilicho upande wa chini wa mkono. Kifungo kikiachana, umeme unakatika na simu inajifunga, haifunguki tena mpaka iwekwe namba ya siri ya pili.

Shida ikawa kwamba hata mwenyewe akiivua akaoge, simu inajifunga vilevile. Fundi alihangaika na jambo hilo miezi kadhaa. Suluhisho lake niliona alipoketi ofisini kwangu akakifumua kifungo kwa bisibisi ya saa. Ndani palikuwa na vidole viwili vya shaba, kimoja kirefu kuliko mwenzake kwa kadiri ya unene wa ukucha. Ukibonyeza kwa dole gumba ili uvue, kipande cha juu huteleza kwa urefu, kwa hiyo kidole kifupi huachana kwanza na kirefu hufuata. Mtu akiinyofoa kwa nguvu, kipande hakitelezi, kinanyanyuka, na vidole vyote viwili huachana kwa pamoja. Simu inasoma tofauti hiyo ndogo ya muda. Kikiachana kimoja kwanza, ni mwenyewe anavua. Vikiachana vyote kwa pamoja, ni mwizi.

Nilimwomba akifungue na kukifunga mara tatu. Kila mara alifanya taratibu, kama anayeogopa kukiumiza.

Mambo yalivyofuatana

Kabla ya kuja kwangu fundi alikuwa amefanya mambo matatu. La kwanza, aliweka video ya sekunde 52 kwenye ukurasa wake wa Facebook, amevaa bangili, anapokea simu, na kwenye sekunde ya 38 anaivua. La pili, miezi 14 baada ya video hiyo, aliwasilisha kwa Taasisi ya Miliki ya Viwanda ya Kenya, KIPI, ombi la kusajili umbo la bangili kama linavyoonekana kwa nje. La tatu, siku hiyohiyo aliwasilisha ombi la hataza, yaani haki ya kipekee ya uvumbuzi (patent), lililoandikwa na kijana mmoja aliyesoma uhandisi. Hakuwa ameuza hata moja. Alikuwa amewapa ndugu wawili waijaribu, na aliwakataza kuifumua.

Alinijia ombi la hataza likiwa bado halijaamuliwa. Madai, yaani sentensi zinazotaja hasa kinachoombewa ulinzi, yalikuwa matatu. La kwanza lilidai simu yoyote inayovaliwa mkononi yenye betri ndani ya pingili na inayojifunga mkanda ukikatika. La pili liliongeza namba ya siri ya pili. La tatu, ambalo kijana aliliandika mwishoni kama nyongeza, lilieleza vidole viwili vya shaba vya urefu tofauti na namna simu inavyosoma mfuatano wao.

Nilimshauri tulibadilishe ombi. Sheria ya Miliki ya Viwanda ya mwaka 2001 ina ngazi mbili za kulinda uvumbuzi. Hataza kamili hudumu miaka 20, lakini lazima uvumbuzi uwe mpya na pia uwe na hatua ya uvumbuzi, yaani mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo asingeufikia kirahisi kwa kuunganisha mambo yanayojulikana. Chini yake ipo ngazi ambayo humu nitaiita hataza ndogo. Hudumu miaka 10, na inadai upya na kufaa viwandani tu. Hatua ya uvumbuzi haidaiwi. Sheria inaruhusu ombi la ngazi moja ligeuzwe kuwa la ngazi nyingine kabla halijakubaliwa au kukataliwa, nasi tukafanya hivyo. Vyeti vyote viwili, cha umbo na cha hataza ndogo, vikatoka.

Wiki chache baadaye mpwa wake fundi akamtumia picha kutoka Luthuli Avenue, Nairobi. Dirishani palikuwa na simu za bangili zilizoagizwa kutoka nje, zimepangwa kama saa. Kioo kimepinda, pingili zipo, na kwenye sanduku imeandikwa kwamba ikinyofolewa inajifunga.

Fundi alinipigia saa tatu usiku. Asubuhi yake nikamwandikia mwagizaji barua ya madai: aache kuuza, atoe hesabu ya alizouza, alipe fidia. Majibu yake yalikuja kwa njia ya ombi mbele ya baraza la mashauri ya miliki ya viwanda, akitaka vyeti vyote viwili vifutwe. Sheria inampa mtu mwenye maslahi miezi tisa tangu cheti kutangazwa kufanya hivyo, na alikuwa bado ndani ya muda.

Alicholeta mwagizaji

Ushahidi wake ulikuwa wa aina nne.

Kwanza, picha. Saa yenye simu ya Samsung ya mwaka 1999, SPH-WP10. Wristomo ya NTT DoCoMo ya Japani ya mwaka 2003, iliyovaliwa mkononi kisha ikafunguka kuwa simu ndefu ya kushikwa. Na iliyotuumiza zaidi, Morph, wazo la simu lililotangazwa na kituo cha utafiti cha Nokia pamoja na Chuo Kikuu cha Cambridge mwezi Februari 2008. Simu hiyo haikuwahi kuuzwa. Ilikuwa michoro na video tu, lakini kwenye michoro hiyo simu nzima inajikunja na kuvaliwa kama bangili, na ilionyeshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York mwaka huohuo.

Pili, video ya fundi mwenyewe.

Tatu, ombi la hataza la mtu wa nje lililochapishwa miaka kadhaa kabla ya letu. Lilieleza simu ya mkononi yenye betri kwenye pingili, na mkanda wenye waya ambao ukikatwa simu inajifunga.

Nne, maelezo ya bangili za kifundo cha mguu wanazovishwa wafungwa wa nyumbani huko Marekani, ambazo zilianza kutumika miaka ya 1980 na ambazo mkanda wake ukikatwa hutoa taarifa.

Nilimwonyesha fundi karatasi hizo zote mezani. Alizipitia moja moja, akaishia kwenye Morph, akaiangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema: «Wakili, wallahi hii sikuiona kwa mtu. Mimi niliitoa kichwani.»

Nilimwamini na bado namwamini. Lakini ilinibidi nimwambie kwamba hakuna aliyemshtaki kwa kuiga. Swali la upya halimwulizi mtu alitoa wapi wazo lake. Linauliza kama wazo lilikuwa limeshafika kwa umma popote duniani kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa, amehangaika usiku na mchana peke yake kibandani, na bado akawa wa pili. Aliniuliza, «Basi inamlinda nani?» Nilimjibu kwamba inamlinda kwenye kile ambacho hakuna aliyekifikia kabla yake, na kazi yetu tangu siku hiyo ni kukitafuta kilipo.

Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuliachia umbo. Sababu inahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo.

Umbo likisajiliwa hulindwa kwa miaka mitano na linaweza kuongezwa mara mbili, miaka mitano kila mara. Lakini ni lazima liwe jipya: lisiwe limechapishwa popote duniani, wala kuonyeshwa Kenya kwa njia yoyote, kabla ya kuwasilishwa. Katika umbo, kinacholindwa ni sura. Kwa hiyo mchoro peke yake unatosha kuliua, hata kama kitu kilichochorwa hakijawahi kufanya kazi siku moja. Ndiyo maana Samsung, ilipobishana na Apple huko California mwaka 2011 kuhusu umbo la kompyuta bapa, iliweza kuleta mbele ya mahakama kipande cha filamu ya mwaka 1968, «2001: A Space Odyssey», ambamo wanaanga wanakula huku wakitazama vioo bapa mezani. Hakuna aliyedai kwamba vioo vile vya filamu vilikuwa kompyuta. Hoja ilikuwa kwamba sura ilikwishaonekana.

Sasa weka michoro ya Morph kando ya michoro ya fundi. Tofauti zipo, ila nyingi ziko kwenye kifungo na pingili, sehemu ambazo zimekaa vile kwa sababu za kiufundi, na sheria hailindi ndani ya umbo kitu kilichopo kwa ajili ya matokeo ya kiufundi tu. Ukiondoa hizo, kinachobaki ni kioo kilichopinda kwenye mkono. Hata bila Morph, video ya sekunde 52 ingetosha. Kupigania umbo hilo kungemmalizia fundi pesa kwa jambo ambalo nisingeweza kulisimamia kwa dhamiri safi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuliachia dai la kwanza na la pili la hataza ndogo. Dai la kwanza lilikuwa limo lote ndani ya ombi la mtu wa nje: mkononi, betri kwenye pingili, kujifunga mkanda ukikatika. Hati moja ikiwa na kila kipengele cha dai, upya umekwisha. Dai la pili pia lilikuwa limeguswa humo kwa sentensi moja.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kusimama kwenye dai la tatu kwa nguvu zetu zote. Mwagizaji alijaribu njia tatu kuliangusha.

Alianza na Morph, akidai kwamba kifaa chote kilishafichuliwa. Hapa hati ileile iliyoua umbo haikuwa na meno. Ili hati iondoe upya wa uvumbuzi, lazima imfundishe fundi mwingine namna ya kuutekeleza. Mchoro wa bangili nzuri haumwambii mtu kuna nini ndani ya kifungo. Kwa mantiki hiyohiyo, redio ya mkononi iliyochorwa mwaka 1946 katika katuni ya magazeti ya Marekani ya Dick Tracy haikumzuia mtu yeyote baadaye kuvumbua namna ya kuijenga.

Kisha akaunganisha hati mbili: ombi la mtu wa nje pamoja na bangili ya wafungwa. Alisema mtu akizisoma zote angefika kwenye vidole viwili bila shida. Mimi sikukubali kwamba angefika, maana bangili ya mfungwa haihitaji kutofautisha mwenyewe na mwizi. Yeyote atakayeivua anavunja amri. Lakini hoja yetu kubwa ilikuwa fupi zaidi. Kuunganisha hati mbili ni hoja ya hatua ya uvumbuzi, na hataza ndogo haidaiwi hatua ya uvumbuzi. Kwa upya, hati husomwa moja moja. Hakuna hata moja iliyokuwa na vidole viwili vya urefu tofauti.

Mwisho akarudi kwenye video, sekunde ya 38. Kwa uvumbuzi sheria yetu humpa mwombaji nafuu: alichokifichua mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha hakihesabiwi dhidi yake. Video ilikuwa na miezi 14. Nafuu hiyo ilikuwa imekwisha, na kila kilichoonekana humo kilikuwa mali ya umma. Kwa hiyo tulikaa tukaitazama sekunde hiyo kwa mwendo wa polepole, picha baada ya picha, fundi akiwa na kifungo halisi mkononi. Dole gumba linabonyeza. Kipande kinateleza. Mkono unageuka, na kwa picha kama sita sehemu ya ndani ya kifungo inaelekea kamera, lakini kiganja kimetia kivuli na hakuna shaba inayoonekana. Fundi alishusha pumzi kwa sauti. Kama angeiinamisha bangili kidogo kuelekea taa, tungepoteza na hilo.

Kuhusu wale ndugu wawili, walitoa taarifa za kiapo kwamba walipewa kwa siri na hawakufumua chochote. Kitu kilichouzwa dukani mtu yeyote anaweza kukifungua, na kwa hiyo kilichomo ndani yake ni cha umma. Kitu alichopewa ndugu kwa amana hakiko hivyo.

Palikuwa pia na mvutano mdogo juu ya namna video ilivyoletwa. Mwagizaji aliichapa kwenye karatasi bila cheti ambacho kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka kiambatane na kumbukumbu za kielektroniki. Tulipinga. Akapewa nafasi, akaleta cheti. Tulichopata hapo ni wiki chache, na gharama ya safari moja zaidi ya Nairobi.

Matokeo

Shauri halikufika kwenye uamuzi. Wahusika waliandikisha makubaliano: usajili wa umbo ufutwe, dai la kwanza na la pili yafutwe, dai la tatu libaki, kila upande ubebe gharama zake. Sheria inaruhusu kubatilisha baadhi ya madai na kuacha mengine, kwa hiyo cheti cha fundi kilibaki hai kikiwa kimepungua.

Mwagizaji hakupinga kuliacha dai la tatu kwa sababu moja rahisi. Tulinunua simu yake moja tukaifumua. Kifungo chake kina kidole kimoja cha shaba. Ukiivua mwenyewe inajifunga, ikinyofolewa inajifunga. Haigusi dai la tatu, na aliendelea kuziuza.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kugeuza ombi kuwa hataza ndogo ndiko kulikookoa kilichookoka. Tulibadilisha miaka 20 kwa 10, na kwa kifaa cha simu miaka 10 ni mingi. Kama tungebaki kwenye hataza kamili, ile hoja ya kuunganisha hati mbili ingesikilizwa kwa uzito wote, na sina hakika tungeishinda.

Kuandika madai kwa ngazi pia kulifaa, ingawa kijana aliyeandika hakujua anafanya nini. Dai pana likianguka, jembamba lilikuwa tayari chini yake. Kama maelezo ya vidole yangekosekana kwenye hati ya mwanzo, tusingeweza kuyaongeza baadaye.

Kosa langu la kwanza lilikuwa utafutaji. Fundi aliponijia nilitafuta, lakini nilitafuta palipoandikwa simu. Katika mpangilio wa Locarno, ambao ni wa kimataifa wa kupanga maumbo kwa madaraja, vyombo vya mawasiliano vimo katika daraja la 14. Bangili, ambazo ni mapambo, zimo katika la 11, na saa katika la 10. Sikufungua hayo mawili. Upande wa hataza, ambako mafungu hupewa alama za herufi na namba, niliangalia H04M, penye ujenzi wa simu, nikaacha A44C 5, penye mikanda, bangili na vifungo vyake, na G04G 21, penye saa zilizounganishwa na vifaa vingine. Ombi la mtu wa nje lililotuangusha lilikuwa chini ya A44C, na lilipatikana bure kwenye Espacenet, hazina ya hataza ya mtandaoni. Kitu cha kuvaa kina nyumba mbili, ya mavazi na ya mashine, na mimi nilibisha hodi kwenye moja.

Kosa la pili ni ile barua. Niliiandika ndani ya saa kumi na mbili tangu simu ya usiku, kwa hasira ambayo haikuwa hata yangu. Sikununua kwanza kifaa cha mwagizaji wala kukifungua. Ningekifungua ningekuta kidole kimoja, ningejua dai letu lenye nguvu haligusi bidhaa yake, na ningejua kwamba madai yanayoigusa ndiyo dhaifu. Barua ile ilimwamsha mtu ambaye angeweza kuuza shehena yake na kuondoka bila kujua cheti chetu kipo. Badala yake alitafuta, akapata, akafuta.

Video ni kosa la fundi, lakini siwezi kumlaumu kwa sauti kubwa. Mtu akimaliza kazi ya miaka miwili kibandani, anataka watu waione. Kama angewasilisha miezi miwili mapema, nafuu ya miezi 12 ingeiondoa video yake upande wa uvumbuzi. Umbo lisingepona hata hivyo, kwa sababu ya Morph.

Cheti kimebaki na miaka saba. Fundi sasa anatengeneza vifungo vyenyewe, bila simu, kwa ajili ya mikanda ya saa za watu wengine, na ameanza mazungumzo na mnunuzi mmoja. Shehena mpya ya simu za bangili ikifika Luthuli Avenue, mpwa wake hununua moja na kuituma pwani kwa basi la usiku. Fundi huiweka chini ya taa, huchukua bisibisi ya saa na kufumua kifungo. Zimeshafika tatu. Zote zina kidole kimoja.